Maisha ya Gerolamo Cardano, Mganga na Mcheza Dadu

Muhula huu naomba niwasimulie habari za Gerolamo Cardano, mganga wa Italia, ambaye alifanya kosa la hesabu lililo sawasawa na langu.

Usiku mmoja tulikuwa na swali hili: dadu ikitupwa mara tatu, kuna uwezekano gani wa kupata sita walau mara moja? Niliandika nusu, kwani kila mtupo una nafasi moja katika sita, na mitupo ni mitatu. Wenzangu wanne wakanakili kwangu. Kesho yake sote watano tulitiwa msalaba mwekundu. Mwalimu aliponiambia kuwa Cardano naye alinaswa hapo hapo, nikaenda maktaba kumtafuta.

Alizaliwa Pavia mwaka 1501, nje ya ndoa. Baba yake, Fazio, alikuwa mwanasheria wa Milan na mjuzi wa jiometri. Kijana alisomea uganga, lakini baba alipofariki fedha zikamwishia, akaishi kwa kamari: karata, sataranji na dadu. Baadaye alipooa alipata kushindwa vibaya hata akaweka rehani vito vya mkewe. Chama cha waganga wa Milan kilimkataa kwa ajili ya kuzaliwa kwake, kikampokea mwaka 1539 tu. Kosa hilo, kwa maoni yangu, halikuwa lake hata kidogo.

Hasara zile zilimfundisha kuhesabu. Aliandika kitabu juu ya michezo ya bahati, akaonyesha kuwa dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na kwamba yafaa kulinganisha njia zinazokufaa na njia zote. Lakini katika dadu moja alisema kuwa mitupo mitatu yatosha kuleta nafasi sawa. Sivyo. Njia zote ni 6 mara 6 mara 6, yaani 216. Zisizo na sita ni 5 mara 5 mara 5, yaani 125. Zinabaki 91, na nusu ingekuwa 108. Mbele katika kitabu hicho hicho aligundua kuwa nafasi za mitupo inayofuatana huzidishwa, wala hazijumlishwi.

Jambo lililomletea sifa na uadui ni aljebra. Niccolò Tartaglia, mwalimu wa hesabu huko Venice, alikuwa na kanuni ya siri ya kufumbua milinganyo ya kipeo cha tatu. Mwaka 1539 alimpa Cardano, baada ya kumwapisha asiitangaze. Mwaka 1543 Cardano na mwanafunzi wake, Lodovico Ferrari, walikwenda Bologna, wakaikuta kanuni hiyo katika karatasi za marehemu Scipione del Ferro, aliyeigundua mapema zaidi. Cardano akaona kiapo hakimfungi tena. Mwaka 1545 akaichapisha katika kitabu chake Ars Magna, akiwataja wote wawili. Tartaglia alighadhibika mno.

Bwenini tumebishana sana juu ya jambo hili. Wengine wanasema kiapo ni kiapo. Mimi nakubali kuwa alikivunja, lakini simwiti mwizi, maana aliandika kanuni ilikotoka. Wale wanne walionakili kwangu hawakuandika jina langu, na safari ile nilishukuru.

Uzee wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1560 mwanawe mkubwa alikatwa kichwa kwa kumpa mkewe sumu. Mwaka 1570 yeye mwenyewe alifungwa na mahakama ya kanisa kwa miezi michache. Alifariki Roma mwaka 1576.

Kitabu chake cha michezo ya bahati kilichapishwa mwaka 1663, miaka 87 baada ya kufa kwake. Ile mitupo mitatu imo humo, hakuifuta.