Mama Joan Curran, aliyedanganya radari

Mama Joan Curran alizaliwa Swansea, kule Wales, mwaka 1916. Alisoma fizikia Cambridge akamaliza, lakini diploma hakupewa: wakati ule bamama walinyimwa. Vita ilipokuja akavumbua vipande vya karatasi ya aluminiamu. Ndeke ikivimwaga angani, radari ya adui inaona ndeke mingi za uongo. Usiku wa tarehe 24 Julai 1943, juu ya Hamburg, Wajerumani wakachanganyikiwa. Hata leo ndeke za vita zinajikinga vile.

Mwaka 1944 akaenda Marekani na bwana yake, kwenye kazi ya kutenga urani ya bomu. Urani ile, nyingi ilitoka kwetu Shinkolobwe. Mama alikufa mwaka 1999, jina lake limeandikwa. Ya babu zetu waliochimba, nani aliyaandika?