Pieter Bruegel: mchoraji aliyesema kwa kimya

Mwaka 2011 ilitoka sinema moja ya ajabu. Haina mapigano wala nyimbo, na maneno yaliyomo ni machache mno, hata mtu aliyezoea sinema za Kihindi huenda akasinzia kabla haijafika nusu. Lakini subira huvuta heri. Sinema hiyo, The Mill and the Cross, kazi ya mwongozaji Lech Majewski wa Poland, imeitwaa picha moja ya rangi iliyochorwa mwaka 1564 na kuitia uhai. Watu waliosimama kimya juu ya ubao kwa zaidi ya miaka 400 wanaamka asubuhi, wanakula mkate, wanakwenda sokoni, wanalia. Fundi aliyewachora ni Pieter Bruegel, na leo tutasimulia maisha yake.

Bruegel alizaliwa kati ya mwaka 1525 na 1530 hivi, katika nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji. Inasemekana mwalimu wake alikuwa Pieter Coecke van Aelst, ambaye mwaka 1533 alisafiri mpaka Istanbul, enzi ya Sultan Suleiman, akachora desturi za Waturuki kama alivyoziona kwa macho yake. Mwaka 1551 Bruegel alikubaliwa katika chama cha wachoraji cha Antwerp, bandari tajiri iliyojaa wafanyabiashara wa kila taifa.

Yeye naye alisafiri. Alivuka milima ya Alps akashuka Italia, na mchoro wake mmoja unaonyesha mji wa Reggio, kusini kabisa mwa nchi hiyo, ukiwaka moto baada ya kushambuliwa na Waturuki mwaka 1552. Mwaka uliofuata alikuwa Roma. Aliporudi Antwerp alifanya kazi na Hieronymus Cock, mchapishaji na muuzaji wa michoro.

Wachoraji wengi waliotoka Italia walirudi na hamu ya kuchora miungu ya kale na majumba ya fahari. Bruegel aliwachora wanakijiji: wavunaji wamelala chini ya mti, watoto wakicheza, karamu ya harusi, vipofu wakishikana na kutumbukia shimoni pamoja. Ndiyo maana watu wakampa jina la Bruegel wa Wakulima.

Inasimuliwa kwamba huko Antwerp aliishi na msichana mmoja mtumishi aliyekuwa hodari wa kusema uongo. Bruegel alichukua kijiti, akapatana naye kwamba kila uongo utatiwa alama, na kijiti kikijaa basi hakuna ndoa. Haikuchukua muda, kijiti kikajaa! Mwaka 1563 akamwoa Mayken, binti wa mwalimu wake Coecke, huko Brussels, na huko ndiko alikohamia.

Mwaka mmoja baadaye ndipo alipochora picha ile iliyokuja kufanywa sinema. Ni ubao wenye upana wa sentimita 170 na urefu wa 124, na ndani yake mna watu wapatao 500. Inaonyesha Nabii Isa (A.S.) akipelekwa kusulubiwa, kama Wakristo wanavyoamini. Sisi Waislamu tunaamini kwamba hakusulubiwa, bali Mwenyezi Mungu alimnyanyua kwake. Lakini tukiitazama picha yenyewe, tutaona kwamba Bruegel alikuwa akisema pia habari za nchi yake na za siku zake.

Watu wale hawakuvaa mavazi ya Palestina. Wamevaa nguo za jirani zake Bruegel, na askari wapanda farasi wanaowasukuma wana makoti mekundu, kama askari waliokuwa wakiutumikia utawala wa Uhispania. Juu ya jabali kipo kinu cha upepo cha kusagia nafaka, na pembeni pamesimamishwa mti mrefu wenye gurudumu, ambalo maiti za waliohukumiwa ziliachwa juu yake ziliwe na kunguru. Huyo anayepelekwa kuuawa yupo katikati kabisa, lakini ni mdogo mno hata jicho humpita. Watu wanaendelea na shughuli zao, na wengine wanakimbilia kutazama kama waendao kwenye tamasha.

Nchi hizo zilitawaliwa na Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania. Mfalme huyu si mgeni kwetu watu wa pwani. Mwaka 1580 alitwaa na kiti cha Ureno, na ni katika enzi yake, mwaka 1593, Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Ni yeye pia aliyetoa amri mwaka 1567 kuwakataza Waislamu wa Granada, waliokuwa wamekwisha kulazimishwa kubatizwa, wasiseme Kiarabu wala wasivae mavazi ya kwao. Kwao Bruegel, Wakristo walioacha madhehebu ya mfalme walichomwa moto au kukatwa vichwa, na wanawake walizikwa wangali hai.

Katika sinema, Bruegel anaigizwa na marehemu Rutger Hauer, aliyefariki mwaka 2019. Michael York ni Nicolaes Jonghelinck, tajiri wa Antwerp aliyekuwa na picha 16 za Bruegel. Tajiri huyo anaumia kwa yale anayoyaona. Basi mchoraji anainua mkono, msagaji kule juu anasimamisha kinu, na wote wanasimama kimya: askari, farasi, watoto. Kisha kinu kinaanza tena kuzunguka, na dhulma inaendelea na safari yake. Mchoraji aliweza kuisimamisha itazamwe, lakini kuizuia hakuweza.

Nayo haikuzuilika. Mwaka 1567 Mtawala wa Alba aliingia Brussels na jeshi, na mwezi Juni 1568 wakuu wawili wa nchi, Egmont na Hoorn, walikatwa vichwa katika uwanja wa mji huohuo alioishi Bruegel. Yeye akaendelea kuchora, na hatukusikia kwamba alisimama popote kuhutubia. Lakini alipokuwa mgonjwa wa kufa, inasimuliwa, alimwagiza mkewe achome michoro yake mingine iliyokuwa na maneno makali, asije mama huyo akatiwa mashakani. Alifariki tarehe 9 Septemba, 1569, akiacha wana wawili wa kiume wadogo, Pieter na Jan. Inasemekana bibi yao mzaa mama ndiye aliyewafunza kushika brashi, na wote wawili wakawa wachoraji mashuhuri.

Yaliyokuwamo katika michoro iliyochomwa, moto uliondoka nayo. Picha ya kinu ilisalimika, na leo imo katika jumba la makumbusho la Kunsthistorisches mjini Vienna, ambako ndiko sinema ya Majewski inakomalizikia. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mfalme Philip alikuwa na majeshi na merikebu, lakini yeyote asimamaye mbele ya ubao ule huyaona makoti mekundu na gurudumu la kunguru, na kuuliza yalikuwa ya nani.