Gombo la Pili: Maisha ya Shaaban Robert

Somo: Yeremia 36:27-32



Jumapili iliyopita tulimwacha Mfalme Yehoyakimu ameketi mbele ya moto wa makaa, akikata gombo la Yeremia kipande kwa kipande na kulitupa motoni. Baruku alikuwa ameliandika lote kwa mkono wake. Kazi yote ikawa majivu. Baada ya ibada kijana mmoja alinisimamisha pale mlangoni. Alitaka kujua: kama Mungu ndiye aliyeamuru kitabu kile kiandikwe, mbona aliacha kichomwe? Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumdanganya.

Wiki hii nimelitafuta jibu katika maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulilisikia jina lake katika darasa la Kiswahili, Shaaban Robert. Niseme mapema kwamba alikuwa Mwislamu, na sitamgeuza awe kitu kingine ili ahubirike. Sisi wa Isiolo tunaishi mlango kwa mlango na Waislamu. Tunanunua maziwa kwao, na kukiwa na msiba wanakuja kwetu. Bwana wetu naye, alipotaka kufundisha upendo, alimtumia Msamaria.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na masomo yake ya darasani yakaishia hapo. Hakwenda chuo kikuu. Mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya karibu miaka kumi na minane. Baadaye alihamishwa huku na huku, akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, kisha ofisi ya upimaji ardhi. Kwa ufupi, huyu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Kuandika kulimngoja mpaka kazi ya mwajiri iishe.

Na nyumbani hakukuwa na raha. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto wa kulea. Alimlilia kwa shairi. Kwa binti yake akatunga utenzi wa mawaidha, na kwa mwanawe akatunga mwingine. Hakuwa na mali ya kuwarithisha, akawarithisha maneno.

Sasa fikiria Mwafrika wa miaka ya 1940 mwenye mswada mkononi. Anaupeleka wapi? Tangu 1930 kulikuwa na Kamati ya Lugha iliyosimamia Kiswahili Sanifu, na vitabu vya shule vilipitia mikononi mwake kabla ya kwenda mtamboni. Wachapishaji wenyewe walikuwa mbali. Pambo la Lugha kilichapishwa Johannesburg, Afrika Kusini. Maisha Yangu, mwaka 1949, na Kusadikika, mwaka 1951, vilitolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Karani wa Tanga anatuma karatasi zake kwa posta, halafu anakaa kungoja watu wasiomjua waamue.

Barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958 zilikuja kuchapishwa mwaka 2002. Ukizisoma unaona wazi kwamba mambo ya miswada, wachapishaji na uhaba wa pesa yalimsumbua miaka mingi. Mwishowe akajaribu kujitegemea, na mwaka 1959 kitabu chake cha Insha na Mashairi kikatoka palepale Tanga.

Kusadikika chenyewe ni hadithi ya watu waliokataliwa. Nchi ile inawatuma wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, wakatafute mema ya kuijenga. Wanarudi na habari njema, na badala ya kushukuriwa wanatupwa gerezani. Mpaka anasimama Karama mbele ya mfalme, naye akiwa mshtakiwa, na kuwatetea wote. Mwandishi aliijua habari hiyo kwa ndani.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hesabu haziniachi. Angalia hii. Mswada wa Kufikirika aliuandika mwaka 1946. Ulichapishwa hapa kwetu Nairobi na Oxford University Press mwaka 1967. Hiyo ni miaka ishirini na mmoja. Lakini Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa Machui. Kitabu kilitoka miaka mitano baada ya mazishi yake. Utenzi wake mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945 nao ulitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka 1968. Hakuvishika mkononi hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Si kwamba hakuonja heshima. Alipewa nishani na serikali ya Uingereza. Alipata tuzo ya Margaret Wrong, iliyopewa jina la mama Mkristo aliyejitolea kueneza vitabu Afrika. Akaketi hata katika ile kamati ya Kiswahili iliyokuwa ikiamua vitabu vya wengine. Lakini kabati lake lilibaki na miswada.

Hapa lazima niseme ukweli, wapendwa, hata kama unauma kidogo. Sisi wahubiri tumezoea kuahidi kwamba mlango utafunguka mwezi huu, mwaka huu. Wakati mwingine Mungu anafanya hivyo, na tunamshukuru. Lakini Waebrania 11 inahesabu watu waliosifiwa kwa imani yao na wakafa bila kuipokea ahadi. Kama kufaulu ni kuona matunda kwa macho yako, basi hao wote walishindwa, na Yeremia naye alishindwa.

Miaka michache baada ya chuo niliandika mpango wa biashara ya maziwa ya ngamia: kuyakusanya kwa kina mama, kuyapoza na kuyasafirisha hadi Nairobi. Benki moja ikaukataa. Nikaupeleka kwingine, ukakataliwa tena. Nilirudi nyumbani nikazitia zile karatasi ndani ya jiko. Leo wengine wanafanya kazi hiyo hiyo hapa Isiolo na wanasomesha watoto. Mimi sikuhitaji Yehoyakimu, moto niliuwasha mwenyewe.

Ndugu yangu wa pale mlangoni, jibu langu ndilo hili. Mungu hakumzuia mfalme kuchoma gombo. Alimwambia Yeremia achukue gombo lingine. Biblia inasema maneno yote ya kwanza yaliandikwa tena, na mengine mengi ya namna ile yakaongezwa. Lile tulilo nalo leo si lile la kwanza. Mfalme alikuwa na mamlaka juu ya karatasi, lakini hakuwa na mamlaka juu ya neno wala juu ya mkono wa Baruku. Vivyo hivyo, mchapishaji aliweza kuchelewesha kitabu cha Shaaban Robert, lakini hakuweza kumzuia kuandika kingine. Kufikirika ilipokuwa ikingoja, Kusadikika ilitoka.

Wewe umekataliwa nini? Maombi ya kazi, mkopo, shamba la ukoo, wimbo uliopeleka studio? Usiichome kazi yako. Weka nakala. Uliza kwa unyenyekevu kwa nini imekataliwa, kwa maana si kila anayekataa ni adui, na pengine kuna mahali pa kurekebisha. Kisha kaa chini uandike gombo la pili, lenye maneno zaidi ya lile la kwanza.

Tuombe: Bwana, tupe mkono wa Baruku, usiochoka kuandika mara ya pili. Na kama mavuno yatakuja tukiwa tumekwisha lala, tupe moyo wa kupanda hata hivyo. Katika jina la Yesu, amina.