Wangila: Alitwaa dhahabu na kofia kichwani, akafa akibishana na refa

UKITOKA Tarime mjini kuelekea mpakani, safari si ndefu, unafika Sirari. Ng'ambo ni Kenya, na lami hiyo inaendelea mpaka Nairobi. Huko ndiko alikozaliwa Robert Wangila Napunyi, Septemba 3, 1967. Vijana wanaojifua ngumi Tarime na Mugumu leo hawajawahi kumuona akipigana, lakini jina lake wanapaswa kulijua. Ndiye bondia pekee wa Afrika Mashariki aliyewahi kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Wapo waliolikaribia jambo hilo. Mkenya mwenzake Philip Waruinge alichukua shaba mwaka 1968 na fedha mwaka 1972. Mganda John Mugabi alifika fainali Moscow mwaka 1980, akaishia fedha. Hapa Tanzania, Titus Simba alileta fedha ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970. Dhahabu ya Olimpiki ilikuwa haijashikwa na yeyote.

Wangila alikwenda Seoul, Korea Kusini, mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 21 tu, uzito wa welta, kilo 67. Hakuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Lakini jamaa alikuwa na mkono mzito, na mechi baada ya mechi akajikuta fainali dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani.

Mashindano yale yanakumbukwa kwa majaji waliovurunda. Mmarekani Roy Jones alimtandika mwenyeji Park Si-hun fainali nzima, halafu ushindi akapewa Park. Wangila hakuwaachia majaji kazi. Raundi ya pili tu, Boudouani alikuwa chini na pambano limekwisha kwa KO. Ni kama timu inayomaliza mechi kwa mabao matano, refa hata akipendelea hana pa kushika. Na Boudouani hakuwa mtu wa kubeza, maana miaka minane baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBA.

Siku ile Wangila alikuwa amevaa kofia ya kinga, ile yenye sponji inayofunika paji la uso, masikio na mashavu. Boudouani naye alivaa. Ilikuwa sheria ya ngumi za ridhaa, iliyoanza kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Kofia ilikuwepo, na Mfaransa alilala.

Sababu inaeleweka. Kofia inazuia ngozi isichanike na kupunguza vichwa kugongana hadi damu kutoka. Lakini ubongo unaelea ndani ya fuvu. Kichwa kikipigwa na kuzunguka ghafla, ubongo nao unatikisika na kugonga fuvu kwa ndani, na mishipa midogo inaweza kukatika. Sponji ya nje haiwezi kuushika ubongo usicheze. Mashabiki wa soka wanamkumbuka Petr Cech wa Chelsea, aliyevunjika fuvu dhidi ya Reading mwaka 2006 na kudaka akiwa na kofia miaka yote iliyofuata. Kofia ile ililinda mfupa.

Baada ya Seoul, Wangila aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1989 na kwenda kutafuta maisha Marekani. Huko mambo yalikuwa mengine. Kofia hakuna. Pia muda ulibadilika. Kwenye ridhaa ya wakati wake, pambano lilikuwa raundi tatu za dakika tatu, jumla dakika tisa, na refa alikuwa mwepesi kumhesabia bondia hadi nane hata akiwa bado amesimama. Kwenye kulipwa bondia anaweza kula makonde nusu saa nzima, na kishujaa anatakiwa asionyeshe kuumia.

Wangila alishinda mapambano mengi huko, ila mkanda wa dunia haukuja. Akaendelea kupigana akiutafuta.

Julai 22, 1994, Las Vegas, alipanda ulingoni kupambana na David Gonzalez. Ngoma ikawa nzito. Raundi zikapita, ngumi zikimwingia. Raundi ya tisa refa akaona inatosha, akasimamisha pambano. Wangila alikuja juu. Aliona ameonewa, kwamba bado alikuwa na uwezo wa kuendelea. Alibishana na uamuzi ule, akashuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe.

Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu. Damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Alikimbizwa hospitali na hakuamka tena. Alifariki Julai 24, akiwa na miaka 26, hajatimiza miaka sita tangu Seoul.

Refa alikuwa sahihi kusimamisha, na bado alikuwa amechelewa. Hapo ndipo maisha ya Wangila yanapogusa mjadala wa leo. Mwaka 2013 chama cha ngumi za ridhaa duniani, AIBA, kiliwaondolea kofia wanaume wakubwa, kikidai kuwa mabondia wasio nayo wanapata mtikisiko wa ubongo kwa uchache zaidi. Wapo madaktari waliopinga. Kilichoonekana wazi ni kwamba nyuso zilianza kuchanika zaidi. Rio 2016 wanaume walipigana vichwa wazi, na hata Paris 2024 ikawa hivyo, huku wanawake wakiendelea kuvaa. Vijana wadogo nao wanavaa.

Watu wanabishana kofia ivaliwe au ivuliwe, kana kwamba jibu lote limo kwenye sponji. Wangila alipigana kwa njia zote mbili. Tofauti kubwa kati ya Seoul na Las Vegas ilikuwa idadi ya ngumi kichwani na muda uliopita kabla ya mtu kusema basi.

Soka nalo limechelewa kulielewa hilo. Ni juzi tu, mwaka 2024, sheria za soka zimeruhusu rasmi mchezaji wa ziada abadilishwe kwa ajili ya aliyeumia kichwa. Zamani mchezaji aligongwa, akamwagiwa maji, akarudi uwanjani akiyumba na jukwaa likampigia makofi.

Kwa hiyo kocha wa Mugumu au Tarime mwenye kofia mbili chakavu za kugawana vijana kumi asikate tamaa, na mwenye kofia mpya asilale usingizi. Awavalishe mazoezini. Ila ahakikishe siku ya pambano kuna daktari pembeni ya ulingo na refa asiyeogopa kelele za jukwaa. Bondia aliyepigwa KO apumzishwe wiki kadhaa, hata kama anaapa yuko fiti. Na taulo lirushwe mapema.

Bondia mwenyewe hawezi kuachiwa uamuzi huo. Bingwa wa Olimpiki aliulizwa na mwili wake usiku ule Las Vegas, akajibu kwamba bado yupo vizuri.