Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya

Katika ibada na sherehe kubwa za Wilaya ya Rungwe, wageni wa serikali na wa dayosisi wanapokuwapo, Mungu Ibariki Afrika huimbwa watu wote wakiwa wamesimama. Wachache hukumbuka kwamba sauti ya wimbo huo ilitungwa na mwalimu kijana wa shule ya misheni kwa ajili ya wanafunzi wake, naye akafariki pasipo kuona hata wimbo wake mmoja umechapwa.

Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa kwa kabila, alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, mashariki mwa Rasi, Afrika Kusini. Alipata mafunzo ya ualimu katika chuo cha Lovedale, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiskoti. Baadaye alipelekwa Nancefield, karibu na Johannesburg, kufundisha katika shule ya misheni ya Kanisa la Methodisti. Nchi hiyo ya Transvaal haikuwa ngeni kwa historia ya Konde: Mchungaji Alexander Merensky, aliyewaongoza wamisionari wa Berlin kufika huku mwaka 1891, alikuwa ametumika Transvaal kwa miaka mingi.

Johannesburg ya siku zile ilikuwa mji wa migodi ya dhahabu, iliyogunduliwa mwaka 1886. Vijana wa Kiafrika waliacha mashamba na jamaa zao wakaenda kuchimba chini ya ardhi kwa ujira mdogo. Ndipo Sontonga alipofanya kazi zake zote: mwalimu, mhubiri mlei, kiongozi wa kwaya, na tena mpiga picha. Alikuwa na sauti nzuri, na kwaya yake ikaalikwa kuimba Johannesburg na Roodepoort. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakajaliwa mtoto wa kiume.

Nyimbo zake alizitunga mwenyewe, maneno na sauti, akaziandika katika daftari kwa nota za sol-fa, zile zile d, r, m ambazo walimu wa kwaya wa Tanzania wamezitumia ubaoni kwa vizazi vingi. Nyingi zilikuwa na huzuni ndani yake, kwa kuwa mtunzi aliyaona mateso ya watu wake kila siku. Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 24 hivi, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio. Uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumbariki Mchungaji Boweni wa Methodisti. Jambo hilo lastahili kuangaliwa: wimbo ambao mataifa yangeuimba chini ya bendera ulianza safari yake katika ibada ya kanisa.

Sontonga alikusudia kuzichapa nyimbo zake, lakini tarehe 18 Aprili 1905 aliaga dunia kwa maradhi ya tumbo. Walimu na viongozi wa kwaya walikuja kwa mjane kuazima madaftari, na hatimaye yakapotea. Yasimuliwa kwamba Diana aliiuza haki ya wimbo huo kwa peni sita tu. Alifariki mwaka 1929.

Wimbo wenyewe haukupotea, maana ulikuwa vinywani mwa watu. Kwaya ya Ohlange ya John Dube iliueneza. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi katika santuri mjini London, na mwaka 1927 mshairi S. E. K. Mqhayi akauongezea beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, iliichukua sauti hiyo pamoja na maneno ya Kiswahili kuwa wimbo wake wa taifa. Zambia ikafuata mwaka 1964 kwa maneno yake yenyewe, na Afrika Kusini mwaka 1994.

Wakati huo kaburi la mtunzi halikujulikana lilipo. Lilitafutwa kwa muda mrefu katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, mpaka ikaonekana kwamba katika daftari la mazishi alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch, si Sontonga. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua hapo jiwe la kumbukumbu, na marehemu akatunukiwa nishani ya dhahabu ya taifa, miaka 91 baada ya kuzikwa.