Jean Jadot na reli ya Katanga

Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji, alizaliwa mwaka 1862. Alijipatia sifa China, alikosimamia ujenzi wa reli ya Beijing hadi Hankou, iliyomalizika mwaka 1905. Mwaka 1906, akiwa Société Générale mjini Brussels, alishiriki kuanzisha Union Minière, ya kuchimba shaba ya Katanga, na kampuni ya reli ya BCK.

Treni ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, lakini ilitoka kusini, Rhodesia. Shaba yetu ilipita mikononi mwa Waingereza na Wareno kabla ya kufika baharini. Jadot alitaka njia isiyotoka nje ya Kongo. Mwaka 1928 reli ya BCK ilifika Port-Francqui, sasa Ilebo. Kutoka hapo mizigo ilishuka kwa meli kwenye mto Kasai hadi Kinshasa, kisha kwa treni hadi Matadi.

Jadot alifariki mwaka 1932. Likasi uliitwa Jadotville kwa heshima yake, hadi jina hilo lilipofutwa mwaka 1966. Waafrika walioitandika reli kwa mikono yao hawakupewa mji wenye jina lao. Kazi yao, hata hivyo, haikufutwa.