Nyaatha: Aliyejinyima kwa Sababu ya Upendo



Kila Kwaresima kwaya yetu huweka ngoma na kayamba kando, na kila mmoja wetu huchagua cha kujinyima: nyama, sukari kwenye chai, soda baada ya mazoezi. Ni desturi njema. Katika Jubilei hii tumeona vyema tumkumbuke mama mmoja ambaye maisha yake yanatuuliza: tunajinyima kwa ajili ya nani?

Mwenye Heri Irene Stefani alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 huko Anfo, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, na mwanzoni mwa 1915 akashuka melini Mombasa akiwa na miaka 23. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika kwetu. Maelfu ya vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam bado zinabeba jina la kikosi chao. Sista Irene aliwauguza wapagazi hao katika hospitali za kijeshi, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Aliwaosha, akawalisha, akakaa na waliokuwa wakikata roho.

Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, Nyeri, akahudumu huko miaka 10. Alifundisha shuleni, na baada ya masomo akapanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatembelea wagonjwa. Wazazi wasiojua kusoma walimwendea awaandikie barua watoto wao waliokwenda mbali kutafuta kazi. Wenyeji wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Oktoba 1930 mwalimu mmoja wa Gikondi alishikwa na tauni, ugonjwa uliokuwa ukiua haraka. Nyaatha alimwendea, akamhudumia, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri, mbele ya umati mkubwa wa waumini.

Tukiyatazama maisha hayo, tunaona kwamba Nyaatha hakutafuta mateso. Aliwatafuta watu, na mateso yakamkuta njiani. Sisi tunaweza kufunga siku 40 huku tukikataa kumsalimu mwenzetu tunayesimama naye kwenye sauti moja. Tunaweza kuacha sukari, na sukari hiyo ikabaki kwenye kopo letu wenyewe. Mfungo wa namna hiyo ni njaa tu.

Basi Kwaresima ijayo tupange tofauti. Pesa ya soda imfikie mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba hapa Kimumu na kulala bila chakula. Saa tunayoinyima simu tuitumie kwa mgonjwa. Na kabla ya mazoezi, tupitie kwa yule mwanakwaya aliyeacha kuja tangu tulipokosana naye, tumwombe msamaha. Huenda hilo likatugharimu kuliko nyama ya mwezi mzima, lakini tutakaporudi kuimba Aleluya usiku wa Pasaka, naye atakuwa mahali pake.

Mwenye Heri Irene Nyaatha, utuombee.